Kilo Isiyoonekana

Katika maneno tuliyoazima ng'ambo na kuyafanya yetu, sidhani kama liko lililodhalilishwa katika miji yetu kuliko neno kilo. Kilo ni kipimo. Haina ndugu wanaoitwa "kama kilo hivi" au "kilo ya hapa kwetu". Tangu 1889 kilo ya dunia ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa karibu na Paris, kikatunzwa kama mboni ya jicho. Kisha wataalamu wakagundua kwamba kipande kile na nakala zake vimeanza kuachana kwa uzito usiozidi chembe ndogo ya mchanga. Wakaona hiyo ni hatari, na kuanzia 20 Mei 2019 wakaiacha platini na kuifunga kilo kwenye kanuni ya maumbile isiyobadilika. Yote hayo kwa ajili ya chembe ya mchanga. Huku kwetu Dar es Salaam, kilo ya nyama ya mbuzi huagizwa mezani, hupotelea jikoni nusu saa au zaidi, hurudi ikiwa juu ya sinia pamoja na ndimu na kachumbari, na hakuna mtu mezani anayeweza kuapa kwamba iliwahi kuwa kilo.

Hilo ndilo ninalotaka kuligombea katika kurasa hizi, na msomaji anivumilie, maana nitaligombea kwa hasira kidogo.

Mimi ni mla nyama. Sisemi hivyo kwa majivuno wala kwa kutaka huruma; nasema ili ieleweke kwamba sizungumzi habari za kusikia. Nimekula supu ya makongoro alfajiri katika vibanda vya Temeke pamoja na makuli na madereva. Nimekula wali kwa nyama kwa mama lishe chini ya turubai, mvua ikipiga. Nimekula mishikaki ya kando ya barabara, mbavu za mbuzi za Sinza na Tabata, nundu ya ng'ombe iliyochomwa taratibu mpaka mafuta yakawa rangi ya asali. Madaktari wana neno lao kuhusu watu wa aina yangu, na neno lao ni la haki. Lakini hilo ni la siku nyingine. Leo nazungumza na wenye migahawa na baa, na kwa ukali zaidi nazungumza na walaji wenzangu.

Kwanza niwatoe lawamani wasiostahili lawama. Mama lishe hanidai kilo. Ananiambia wali nyama bei yake ni hii, na nyama ni vipande viwili. Sufuria liko mbele yangu, mwiko uko mkononi mwake, naona anachochota. Nikiona vipande ni vidogo naweza kusema, "Mama, niongezee mchuzi basi," naye anaweza kucheka na kuongeza, au akakataa nami nikaenda kwa jirani yake. Muuza supu naye hana kilo, ana bakuli. Bakuli lina mdomo na kina, na jicho langu linaliona likijazwa. Muuza mishikaki anauza kwa kijiti. Vijiti vimepangwa juu ya jiko, na kama mwaka huu vipande vimekuwa vidogo kuliko mwaka jana, ninaviona kabla sijatoa pesa. Watu hawa, ambao mara nyingi ndio wanaofukuzwa na mgambo na kuitwa wachafuzi wa mji, wanauza kwa uwazi ambao wenye viti vya kuzunguka na taa za rangi hawauwezi.

Ugomvi wangu ni na yule anayelitamka neno kilo kisha akaificha mizani. Akitaka kuuza kwa sahani, auze kwa sahani. Akitaka kuuza kwa fungu, auze kwa fungu. Lakini akishasema kilo, amekwisha kula kiapo, na kiapo hicho kina shahidi mmoja tu, nayo ni mizani. Shahidi anayefungiwa chumba cha nyuma wakati kesi inasikilizwa mbele ni shahidi wa nani?

Nitoe mfano. Katika baa moja, ambayo sitaitaja, tulikuwa watu wanne. Tukaagiza kilo mbili za mbuzi. Mhudumu, binti mwenye adabu, akaandika na kuondoka. Baada ya muda mrefu likaja sinia. Palikuwa na shingo iliyokatwakatwa, miundi miwili, vipande vya mgongo vyenye mfupa mwingi, na mbavu nne zilizolazwa juu ili zitangulie kuonekana. Nikamwuliza kwa upole, "Binti, hizi ni kilo mbili?" Akajibu, "Ndiyo, baba, ndizo zenyewe." Nikamwuliza, "Umeziona zikipimwa?" Akanyamaza, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mimi napewa tu, baba." Nikanyanyuka nikaenda jikoni. Mizani ilikuwapo. Ilikuwa imening'inizwa nyuma ya mlango, na juu ya ndoano yake pametundikwa koti la mtu.

Simlaumu yule binti. Yeye hupewa tu, na sisi tuliokaa mezani hupewa tu. Nyumba nzima imejaa watu wanaopewa tu. Aliye jikoni peke yake ndiye ajuaye, na ajuaye hakuulizwa.

Sasa nimtendee haki mwenye baa, maana mbishi asiyekubali ukweli wa upande wa pili hana tofauti na mpiga kelele. Ni kweli kwamba nyama hupungua motoni. Hupoteza maji na hupoteza mafuta yanayodondoka juu ya mkaa. Kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa hutoka jikoni ikiwa na gramu 700 hivi, na ikikaushwa sana kama baadhi ya wenzetu wanavyopenda, hushuka hata gramu 600. Ikiwa ni nyama ya mbuzi pamoja na mifupa yake, toa tena mfupa, na kinachobaki cha kutafunwa ni kidogo kuliko mteja alivyotarajia. Hivyo basi mteja anayelalamika si lazima awe ameibiwa. Huenda alipewa kilo halali, moto ukachukua sehemu yake.

Lakini hoja hiyo, ambayo wenye baa hupenda kuitoa, inawarudia wenyewe. Kama moto ndio uliopunguza, dawa yake ni nini? Dawa ni kuipima nyama ikiwa mbichi, mteja akiwa amesimama hapo, macho yake yakiutazama mshale. Akishauona mshale umefika penye moja, akala chake kikiwa gramu 700, hana la kusema. Atakuwa na ugomvi na moto. Mwuzaji mwaminifu anaihitaji mizani ya hadharani kuliko hata mnunuzi, kwa kuwa ndiyo itakayomtetea siku atakaposingiziwa wizi. Wa kuiogopa ni yule mwingine.

Liko jambo la pili ambalo ni zito kuliko uzito wenyewe, nalo ni sehemu ya mnyama. Msuli unaofanya kazi nyingi huwa mgumu. Shingo hubeba kichwa siku nzima mnyama akichunga. Miundi hutembea kutwa kutafuta maji. Sehemu hizo zimejaa kano na ngozi nyembamba za ndani ambazo hulainika kwa maji ya moto ya saa nyingi, ndiyo maana ni neema ya Mungu katika supu. Ukizitupa juu ya mkaa kwa dakika 40 zinakuwa kamba. Sarara, ambayo haifanyi kazi nzito, huiva upesi na kulainika. Mbavu zina mafuta ya kuzilinda na moto. Basi mtu anaponipimia kilo ya shingo na miundi kwa bei ya kilo ya mbavu na paja, hata kama mshale umesimama sawasawa, ameniuzia kuni kwa bei ya mbao. Katika bucha tofauti hii inajulikana na kila mama anayetumwa sokoni: steki ina bei yake, nyama ya mchanganyiko na mifupa ina bei yake, maini yana bei yake. Kwa nini nyama ileile ikivuka barabara na kuingia baa inapoteza majina yake yote na kuitwa "choma" tu?

Jambo la tatu ni kuchemsha. Nyumba nyingi za mjini huichemsha nyama asubuhi, kisha jioni huipitisha motoni ili ipate rangi. Sina ugomvi na kuchemsha kwenyewe. Nyama ya ng'ombe wetu wa asili, aliyekomaa na kutembea maili nyingi, wakati mwingine inahitaji hivyo. Ninachouliza ni hiki: kilo niliyouziwa ni ya nyama mbichi au ya nyama iliyokwisha kuchemshwa? Na yale maji ya kuchemshia, yaliyobeba ladha ya nyama yangu, ndiyo hayo ninayouziwa kwa bakuli kesho yake asubuhi kama supu? Mwenye nyumba ana haki ya kuuza vyote viwili. Hana haki ya kukaa kimya kuhusu kimoja ili auze kingine mara mbili.

Nageuka sasa kwa walaji wenzangu, kwa kuwa hakuna mwizi anayestawi bila msaada wa anayeibiwa.

Kwa nini hatuulizi? Nimewaona watu wazima, wenye vyeo, watu wanaoweza kubishana na mjenzi juu ya mfuko mmoja wa saruji, wakiletewa sinia la mifupa na kusema "asante". Sababu ya kwanza ni aibu. Mtu amekuja na wageni, au na shemeji yake, au na wenzake wa kazini. Akinyanyuka kwenda kuangalia mizani ataonekana mchoyo. Heshima ya mwenyeji, kwa kipimo cha mjini, ni kuagiza bila kuuliza na kulipa bila kuhesabu. Lakini tazama ajabu hii: mji huohuo haumwonei haya mtu anayeuliza nani amechinja. Mwislamu huuliza, na hujibiwa kwa heshima, na hakuna anayemwita mkorofi. Tumekubaliana sote kwamba kisu kinaweza kuulizwa habari zake. Ikiwa kisu huulizwa, mizani imepewa kinga na nani? Na dini zenyewe hazikunyamaza: katika Kurani iko sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin, na katika Biblia kitabu cha Mithali kinaikemea mizani ya uongo. Aulizaye mizani hajatoka nje ya adabu. Amesimama katikati yake.

Sababu ya pili, nadhani, ni historia yetu. Wengi wetu tulilelewa katika miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari, sabuni na unga vilipokuwa habari ya foleni. Mwaka 1983 Serikali ikaendesha msako dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi, walioficha bidhaa. Katika foleni mtu hajifunzi kuuliza, hujifunza kushukuru. Ukipewa, pokea, ondoka, usije ukanyang'anywa. Kisha likaja soko huria, maduka yakajaa, baa zikachipuka kila kona, lakini roho ya foleni tukabaki nayo. Tukakaa juu ya viti vya plastiki tukiwa wanunuzi wenye pesa mkononi, huku moyoni tukiwa bado watu wa kugawiwa. Wakati ule wenye mzaha waliliita soko huria soko holela, na hawakukosea sana. Soko bila mizani linayoonekana ni holela hata kama bei zake zimechapwa kwenye karatasi ya kung'aa.

Huko tulikotoka mambo hayakuwa hivi, wala mizani haikuhitajika. Vijana wa Kimasai wanapokwenda orpul, kule kwenye kambi yao ya kula nyama porini, hawabebi ndoano ya kupimia. Mnyama anachinjwa mbele yao, anagawanywa mbele yao, na supu yake inatiwa magome ya miti mbele yao. Kwa Wachaga, kama kwa jamii nyingine nyingi, mnyama akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe kwa umri na kwa nasaba, na mtoto hujua tangu mdogo kwamba kidari hakigawiwi ovyo. Jicho la jamaa lilikuwa ndiyo mizani. Hata pwani, walikouza kwa kibaba na pishi, kibaba kilijazwa mbele ya mnunuzi mpaka kikafanya kilima. Mjini hatuna ukoo. Aliyechinja hatumjui, aliyekata hatumjui, aliyechoma hatumjui. Ndipo tukaweka mizani mahali pa jicho la ukoo. Kuificha mizani mjini ni sawa na kuwafumba macho ukoo mzima kule kijijini wakati nyama inagawanywa. Kijijini jambo hilo lingeleta ugomvi wa kizazi kizima. Mjini tunaliita huduma.

Yapo maumivu makubwa zaidi, na hayaanzi mezani. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na ni miongoni mwa nchi za mwanzo katika Afrika kwa wingi wa mifugo. Mfugaji wa Shinyanga au Singida anapompeleka ng'ombe wake mnadani, mara nyingi ng'ombe yule huuzwa kwa macho. Mnunuzi humzunguka, humpapasa nyonga, humtazama nundu, kisha hutaja bei. Mnunuzi huyo ameshawazunguka ng'ombe maelfu, na jicho lake limekuwa mizani. Mfugaji anauza wawili au watatu kwa mwaka, tena mara nyingi kwa shida, ada ya shule au ugonjwa. Kisha ng'ombe anasafirishwa hadi mnada wa Pugu, anafika machinjioni Vingunguti au kwingineko, mkaguzi anaikagua nyama na kuipiga mhuri. Hapo ghafla mizani inatokea! Nyama inauzwa kwa kilo kwa mwenye bucha, na mwenye bucha hatanii, anahesabu hadi robo. Mwenye bucha humpimia mwenye baa, na mwenye baa naye hatanii. Ukimpunja gramu 200 atarudi dukani kwako na kelele. Nyama inaingia baa, na mizani inatoweka tena.

Tafakari, ndugu msomaji. Katika safari yote hiyo mizani iko katikati tu. Mwanzoni yuko mfugaji, haioni. Mwishoni yuko mlaji, haioni. Wote waliosimama katikati wanaitumia wao kwa wao, kwa umakini na kwa ukali, kwa sababu wanajua thamani yake. Walionyimwa ni wawili tu: aliyemlea mnyama na anayemla. Hili si jambo la ulafi wangu, wala la mbavu mbili zilizopotea. Wenye mizani ndio wenye faida, na wanaokadiriwa ndio wanaolipia.

Msomaji asinidhanie kwamba nawalilia wenye magari tu, wanaopoteza mbavu na kuagiza nyingine. Nenda katika baa za pembezoni mwa mji siku za mwisho wa mwezi. Utamwona kibarua amekuja na mkewe na watoto watatu, wamevaa nguo za Jumapili. Anaagiza nusu kilo na ndizi za kuchoma, na soda moja watakayogawana watoto. Nusu kilo hiyo ameikusudia kwa wiki tatu. Akiletewa gramu 350 zenye mfupa, baba yule hatasema neno, kwa kuwa mtu maskini mbele ya watoto wake huogopa aibu kuliko njaa. Atakata vipande vidogo, atawapa watoto, atamsogezea mkewe, naye atauguguna mfupa na kusema ameshiba. Gramu 150 kwa mwenye baa ni vumbi la hesabu. Kwa baba yule ni fungu lake lote. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na ndiyo sababu sikubali tena kuambiwa kwamba kudai mizani ni uchoyo.

Wako watakaosema, tumwachie Serikali. Sheria ipo. Sheria ya Vipimo ni ya tangu 1982, na Wakala wa Vipimo ulianzishwa 2002. Mizani yoyote ya biashara sharti ihakikiwe na kupigwa chapa. Nami naunga mkono kila ofisa anayeingia jikoni bila hodi. Lakini mizani iliyohakikiwa na kutundikwa koti haimsaidii mtu. Serikali yaweza kuthibitisha kwamba mizani inasema kweli. Haiwezi kukaa kila meza kila jioni kuhakikisha kwamba imeulizwa. Tukienda kununua petroli hatuhitaji polisi. Tarakimu zinazunguka mbele ya macho yetu nasi tunazitazama. Tukituma pesa kwa simu, simu hutuambia salio hadi shilingi ya mwisho. Tumezoea usahihi katika mafuta na katika pesa. Katika nyama tumebaki na imani.

Wenye baa wana hoja zao, na nimezisikia nikiwa nimeegemea kaunta zao. Husema wateja wana haraka. Lakini mteja anayesubiri nyama dakika 40 ana haraka gani inayomzuia kutazama mshale kwa nusu dakika? Husema jikoni ni pachafu na pana moto, si mahali pa wageni. Basi jikoni paoshwe, au mizani iletwe nje. Na kama ni pachafu kiasi cha kutotazamwa, hilo ni shitaka jingine. Husema gharama zimepanda: mkaa, umeme, kodi, leseni. Hoja hii ndiyo ya kweli kuliko zote, na nawapa pole kwa dhati. Lakini jibu langu ni moja: pandisheni bei, msipunguze kilo. Bei ikipanda nitanung'unika, nitapiga hesabu, nitaagiza nusu badala ya kilo, au nitakwenda kula supu. Hiyo ni haki yangu, na mmeniachia niitumie. Mkipunguza kilo mkaacha bei palepale, mmenifanyia uamuzi gizani, kisha mkanitabasamia.

Wala nisiambiwe kwamba haiwezekani. Nairobi, katika Soko la Kenyatta na katika mabucha mengi ya mitaani yenye hoteli upande wa nyuma, nyama imening'inizwa mbele. Mteja ananyoosha kidole, "nikatie hapo," inapimwa akiona, ndipo inapelekwa motoni. Ikiiva inaletwa juu ya ubao na kukatwa mezani. Arusha nimekaa mahali pa kawaida kabisa, penye viti vya mbao na paa la bati. Mchoma nyama, mzee wa makamo, aliniita mwenyewe: "Njoo uione nyama yako, mzee mwenzangu." Akakata paja, akatundika kwenye ndoano, akasubiri mshale utulie, akanitazama. Nilipoitikia kwa kichwa akalifunga kijiti chenye alama ili lisichanganyike na la mwingine. Nyama ilipofika ilikuwa imepungua kama nyama zote. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake chochote. Pale palikuwa pamejaa watu, na wenye baa wanaodhani uaminifu hufukuza wateja wangefaa kupeleleza sababu.

Madai yangu ni machache na hayahitaji mfadhili. Popote panapouzwa nyama kwa kilo, mizani iwe upande wa mteja wa kaunta. Bei iandikwe ukutani, na kando yake iandikwe kama ni kilo ya nyama mbichi au iliyoiva, na kama mbavu na shingo zina bei moja, hilo nalo liandikwe ili tucheke pamoja. Anayechemsha aseme anachemsha. Asiyetaka masharti haya aache kulitumia neno kilo, auze kwa sahani kama mama lishe, na awe na moyo wa kuiacha sahani ionekane kabla haijalipiwa.

Na wewe mla nyama mwenzangu, mzigo ulio mkubwa ni wako. Ukiagiza kilo, nyanyuka. Usimtume mhudumu, yeye hupewa tu. Waache wageni wako mezani na vinywaji vyao, nenda mpaka ilipo mizani, uliza kwa upole, "Naomba nione ikipimwa, ndugu yangu." Shemeji yako akicheka, mwite naye aje aone. Mshale ukifika penye moja, shukuru, rudi ukakae. Usipofika, sema haujafika. Usipaze sauti, maana mizani ina sauti ya kutosha.